Kichwa Kisichotulia

Hasira za Daktari wa Ubongo zilikuwa za ukoo. Mama yake alikuwa nazo, bibi yake alikuwa nazo, na siku hiyo zilimpandia katika wadi ya wagonjwa wa akili, kando ya kitanda cha mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Seremala, kwa kazi aliyoiacha alipoanza kusikia sauti. Sasa dawa zilikuwa zimemkaa, sauti zimepunguza umbea, naye aliomba kuhamia karakana ya hospitali, ambako wenye nafuu hurudia kazi za mikono kabla ya kwenda nyumbani. Wakamkatalia.

"Wamesema nyaya zangu za kichwani zimekatika," alisema. "Wakanionyesha picha. Dada, si wewe uliyeipiga?"

Ndiye. Maisha yake yote ya kazi alipima jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana mtu akiwa amelala ndani ya mashine. Ugunduzi uliompa jina ulisema kwamba kwa wagonjwa, sehemu zilizo mbali hazisemezani. Profesa, mkuu wa taasisi, mtu aliyependa kukata utepe kuliko kusoma, aliugeuza rula ya kupimia wagonjwa: mtandao wa ubongo ukiwa dhaifu, karakana hupati.

Daktari alirudi maabara akafungua picha zote upya. Safari hii alitazama kitu ambacho kila mtu alikidharau: vichwa vilitikisika kiasi gani. Kichwa kikisogea unywele tu, picha inavurugika, na sehemu za mbali zinaonekana kama zimenuniana. Wagonjwa walisogea. Nani asingesogea, kasukumwa kwenye tundu kama mkate kwenye tanuri, mashine inamgongea masikioni? Wale "wazima" wa kulinganisha nao walikuwa wanafunzi, waliojilalia humo wakakoroma. Alipoondoa mitikisiko, tofauti ikayeyuka karibu yote. Miaka yote hiyo alikuwa akipima woga wa watu na kuuita ugonjwa.

Akamfuata Profesa kwa hasira, akamweleza yote.

"Mama, tulia," Profesa alisema. "Wageni wanakuja leo kuzindua jengo. Unataka niwaambie tumepima shingo?"

"Waambie."

"Njoo kwanza unipige picha. Nataka ubongo mzima ukae ukutani pale mapokezi."

Wa kwake, bila shaka. Daktari akamlaza kwenye mashine.

Profesa alikuwa hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Humo ndani alikohoa, akajikuna pua, akatikisa kichwa kukubaliana na hotuba aliyokuwa akiifanyia mazoezi. Picha ilipotokea kwenye skrini kubwa, mtandao wake ulikuwa matambara matupu. Fundi wa mashine aliingia, akaitazama kwa huruma.

"Masikini. Huyu wa wadi gani?"

Profesa alikuwa anafunga viatu. Aliinua macho, akaiona.

"Nilikuwa nakohoa. Rudia."

"Mdogo wangu alilia humo ndani," Daktari alisema. "Nani alirudia picha yake?"

"Basi mpeleke huyo ndugu yako karakana, yaishe. Hiyo futa."

"Ndugu yangu peke yake?"

Viatu vya wageni vilisikika koridoni, na vicheko vya watu waliokwishakunywa chai. Daktari alisimama mbele ya swichi ya skrini, mikono kifuani, kama mama yake alivyokuwa akisimama mlangoni mtu akichelewa kurudi.

"Wote," Profesa alinong'ona. "Rula imekufa. Zima."

"Piga simu wadini kwanza."

Akapiga, akaagiza wote waliokataliwa wapelekwe karakana. Daktari alisikiliza mpaka neno la mwisho, ndipo akazima. Hasira haikuzimika, alikwenda nayo mpaka wadini, maana sehemu yake kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Seremala alikuwa tayari anakunja shuka.

"Kwa hiyo nyaya zangu nzima?"

"Sijui," dada yake alisema. "Hakuna anayejua bado. Mimi nilidhani najua."

Seremala alimaliza kukunja shuka.

"Kusoma kote huko," alisema, akampa begi abebe.