Mtani Juu ya Dungu

Tangu nivunjike mguu nimekuwa mtaalamu wa ajali. Mtu akianguka na pikipiki hapa mtaani kwetu Ifakara, hazipiti dakika nyingi napigiwa simu niulizwe afanyweje. Nami najibu kwa madaha: msimwinue kwa pupa, mguu msiuvute, ufungeni hivyo hivyo ulivyo, mmoja akimbilie polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu, na asikandwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha. Hayo yote nayajua. Lipo moja ambalo hakuna aliyeniambia, na nilichukua wiki nne kulijifunza.

Mpunga ulikuwa umeanza kuingiza maziwa. Asiyelima mpunga hajui siku hizo zilivyo. Kwelea hushuka kwa makundi, wananyonya punje changa, na ukizembea siku mbili tatu unavuna makapi. Kwa hiyo kila kulipopambazuka nilifunga debe langu nyuma ya baiskeli nikaenda shambani kuamia ndege. Kazi yenyewe ni kupanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti mirefu, ukapiga debe, ukarusha udongo kwa kombeo na kupayuka mpaka jua lizame. Mume wangu ni fundi cherehani sokoni, mtu mpole, sauti yake haimshtui hata kuku. Siku moja nilimwachia zamu, nikarudi nikakuta ndege wanakula na yeye anawatazama wanavyopendeza. Shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka mzima, na mwamiaji alikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi ya ajali niliona kundi la kwelea likigeuka angani kuelekea kwangu. Nikakanyaga pedali, uso juu, naapiza. Sikuangalia barabara tena. Nilisikia kengele ya baiskeli na mtu akiita, "Dada! Dada!" kisha nikawa chini, fito zimetapakaa kila mahali, na mguu wangu wa kushoto umekaa vibaya.

Aliyenigonga alikuwa bwana mmoja rika la mume wangu, alikuwa anapeleka fito za kujengea banda la kuku. Watu walijaa. Mmoja alitaka kuuvuta mguu urudi mahali pake, mwingine akawa ananimwagia maji kichwani, wakati kichwa hakikuwa na kosa lolote. Yule bwana akawasogeza wote. Akachagua fito mbili zilizonyooka, akafungua mpira wa kufungia mzigo, akaomba kanga yangu ya mabegani, akaufunga mguu taratibu huku akinipa pole.

"Dada ni mtu wa wapi?" akauliza, nadhani ili nisifikirie maumivu.

"Mpogoro, wa Mahenge."

"Ala! Mtani wangu! Mimi Mngoni."

Maumivu au si maumivu, utani wa makabila yetu hauachwi upite. "Mababu zenu walitujia na mikuki," nikamwambia, "wewe umenijia na baiskeli?"

"Wale walijua kulenga, mtani. Mimi hata kukukwepa nimeshindwa."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja.

Hospitali nilifungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Daktari aliuliza nani aliyefunga zile fito, akamsifu. Mchana akaja askari kuandika maelezo. Akaniuliza, "Mama, huyu bwana ndiye aliyekugonga?" Nikajibu, "Ndiye." Basi. Hakuniuliza nilikuwa upande gani wa barabara, nami sikumwambia. Nilikuwa najua vizuri. Nilipoanguka, mtaro uliokuwa karibu yangu ulikuwa wa kulia. Nilikuwa nimehama upande wangu bila kuangalia, nimemfuata mwenzangu kwenye njia yake. Lakini nilikuwa naumwa, nina hasira na kwelea, na kila aliyeingia wodini alikuwa ananionea huruma. Huruma ni tamu. Baiskeli ya yule bwana ikazuiwa kituoni mpaka shauri liishe.

Niliporudi nyumbani, alikuja kuniona na mkungu wa ndizi begani. Mume wangu akamkaribisha kwa baridi kidogo. Mimi nikaona nimpunguzie aibu, nikamwambia kwa utani, "Mngoni wewe, ndizi hazitoshi. Adhabu yako utaniamia ndege mpaka nitembee."

"Nimepokea hukumu," akasema, akacheka, akaaga.

Kesho yake mume wangu alifunga cherehani akaenda shambani, moyo mzito. Alimkuta yule bwana, aliyekuwa ameulizia shamba kwa majirani, yuko juu ya dungu tangu mapema, anapiga debe na kuwatukana kwelea kwa Kingoni. Mume wangu alirudi ameduwaa. "Mke wangu," akasema, "yule mtu ana sauti!"

Sasa niseme kweli, zile wiki zilikuwa nzuri. Tangu niolewe sikuwahi kukaa kitini mchana nikahudumiwa. Mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikuulizwa: uji uliletwa, kambale wa kukaanga wakaletwa, supu ya kuku ikaletwa. Mume wangu alinikogesha mguu mzima na kuimba. Nilikaa barazani, hogo juu ya stuli, nikijua habari za mtaa mzima, na kila jioni naletewa taarifa kwamba mpunga unaanza kuinama. Nilinenepa. Niliridhika kabisa, isipokuwa kajambo kamoja kalikokuwa kananiwasha ndani kama ngozi iliyo chini ya plasta, pasipofikika kwa mkono.

Wiki ya nne jumuiya yetu ya kanisani ikaja kusali nyumbani kwangu. Mama aliyeongoza sala alinyanyua mikono, akaomba: "Bwana, umsamehe na yule aliyemjeruhi dada yetu kwa uzembe wake." Wote wakaitikia Amina.  Mimi nikamwona akilini yule bwana juu ya dungu langu, jua linamchoma, na huku wanawake ishirini wanamwombea msamaha wa kosa langu.

Walipoondoka nikamuuliza mume wangu, "Hivi yule mtani anakuja shambani na nini?"

Akanishangaa. "Si kwa miguu? Baiskeli yake si iko polisi? Anatembea saa nzima kuja, saa nzima kurudi."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Wiki nne nimekula kuku, na swali hilo sikuwa nimeliuliza.

Asubuhi nikakodi bajaji hadi kituoni, magongo mkononi. Nikamweleza askari yote: kwelea, uso juu, mtaro wa kulia. Akaweka kalamu chini. "Mama, yaani umekuja kujishtaki mwenyewe?"

"Nimekuja kumalizia maelezo," nikasema. "Yale ya kwanza yalikuwa nusu."

Alinisema, na nilistahili kusemwa. Kisha akaniandikisha upya, nikatia sahihi, baiskeli ikatolewa. Tukaifunga nyuma ya bajaji tukaenda nayo shambani.

Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Yule bwana aliposhuka kutoka kwenye dungu na kutua debe chini, nilikuwa nimeegemea magongo pembeni ya jaruba, na maneno niliyoyapanga njia nzima yameniruka. Nikasema tu, "Mtani, mimi ndiye niliyekuwa na kosa. Nilihama upande wangu. Nilijua tangu siku ile."

"Hata mimi najua," akasema. "Si mimi ndiye niliyekuwa kwenye upande wangu?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akapangusa jasho. Kwa mara ya kwanza hakutania. "Dada, ulipoanguka pale chini hukulilia mguu. Ulikuwa unalia, 'Mpunga wangu, nani ataniamia?' Nikaona, huyu nikimtwisha na kosa juu ya hayo, atabeba vingapi?"

Nililia mbele yake bila kujificha uso, na magongo yaliniruhusu mkono mmoja tu wa kufutia machozi. Akaniacha nilie. Nilipomaliza nikamwonyesha baiskeli yake.

"Kesi imefutwa," nikasema. "Na adhabu yako imekwisha. Nenda nyumbani kajenge banda lako."

Akakagua mnyororo, akabonyeza kengele mara moja, ikalia. Akaiegemeza kwenye nguzo ya dungu, akashika ngazi na kuanza kupanda tena.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwelea hawajapata habari kwamba kesi imefutwa," akajibu kutoka juu. "Nipe hilo debe, mtani."

Sikumpa. Nilikaa chini kwenye kivuli cha dungu, hogo limenyooka mbele yangu, nikalipiga mwenyewe.