Ukurasa wa Pili

Asubuhi ile mganga mfawidhi aliponiwekea mezani karatasi ya kuridhia kwamba orodha zetu ziendelee kufunguliwa kwa namba za kurasa, nilipaswa kukataa. Nilisaini. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nilikuwa msimamizi wa masjala katika shirika lenye zahanati tatu: moja mjini, moja Lemara, moja juu mlimani kwenye kahawa na migomba. Elimu yangu ni kidato cha nne, lakini majalada niliyajua. Tulipohamia kwenye kompyuta, kila zahanati ilibaki na kompyuta yake yenye wagonjwa wake. Sisi mjini tukiomba orodha, mfumo uliyakusanya majina ya zote tatu na kuyapanga kwa alfabeti, ishirini kwa kila ukurasa.

Ukurasa wa kwanza ulikuja upesi. Wa arobaini ulimwacha mtu aende kunawa mikono na kurudi. Binti aliyetutengenezea mfumo alikuja kunieleza sababu. Alinipa shikamoo, akavuta kiti, akapanga majalada matatu ya zamani mbele yangu.

"Baba, ukitaka ukurasa wa arobaini, hakuna zahanati inayojua majina mangapi ya wenzake yanatangulia ya kwake. Kwa hiyo kila moja inaleta yote tangu A. Hapa mjini tunayachanganya, tunahesabu, tunatupa kurasa thelathini na tisa, tunakupa huo mmoja."

"Na nikiomba wa arobaini na moja?"

"Tunaanza tena A."

Alitaka tuachane na namba. Mfumo ukumbuke jina la mwisho lililosomwa, kama utepe wa Biblia, na ukibonyeza "endelea" kila zahanati ilete majina ishirini tu yanayofuata hilo. Huku kwetu majina ya koo yanajirudia, mtu na binamu yake wanaweza kufanana mpaka herufi ya mwisho, kwa hiyo baada ya jina angeongeza namba ya kadi.

"Na kuna jingine, baba. Orodha ikibadilika wakati mnaisoma, namba ya ukurasa itawadanganya. Utepe unabaki pale pale."

Muuguzi mkuu, aliyekuwa mlangoni akisubiri jalada, alicheka. "Utepe tutakata siku ya harusi yako, mwanangu. Mimi nataka kumwambia mwenzangu wa zamu nimeishia ukurasa wa saba, basi."

Mganga mfawidhi naye alitaka namba, kwa sababu taarifa zake alizoea kuziandika kwa kurasa. Binti alisema atakubali iwapo mimi mwenye orodha nitaridhia. Nilikuwa nimemwelewa. Siwezi kusingizia kwamba mambo ya kompyuta yalinipita. Nilimwelewa, ila sikutaka kubishana na mkubwa wangu.

Mwezi huohuo zahanati zilikuwa zinawapima kina mama saratani ya mlango wa kizazi. Dada yangu mkubwa, mjane, aliishi peke yake juu kidogo ya zahanati ya mlimani. Jumapili moja nilimkuta nje ya kanisa kwenye mnada wa sadaka, akiupigania mkungu wa ndizi alioutoa mwenyewe.

"Nenda ukapimwe," nilimwambia.

"Wataniambia nini? Wataniambia nimezeeka."

"Nenda tu. Majibu yakiwa na shaka utapigiwa simu. Ukiona kimya, ujue uko salama."

Alikwenda.

Orodha ya waliotakiwa kurudi ilipotoka, wauguzi walipiga simu ukurasa wa kwanza. Kila aliyepatikana aliwekewa alama, na jina lake likatoka kwenye orodha, kama tulivyotaka litoke. Walipomaliza wakabonyeza ukurasa wa pili. Lakini majina yaliyokuwa ukurasa wa pili yalikuwa yamekwisha kupanda na kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye ule wa kwanza. Waliyoyaona sasa yalikuwa yametoka ukurasa wa tatu. Wakaenda hivyo hadi mwisho, wakiruka watu bila kujua. Kina mama waliorukwa walibaki mle mle, wakichanganyika na wale ambao simu zao hazikupatikana.

"Kurasa zimekwisha, mzee," muuguzi mkuu aliniambia mwisho wa mwezi. "Waliobaki ndio hawapatikani hao."

Kuifunga orodha ilikuwa kazi yangu. Ningeweza kuifungua nikasoma nani kabaki. Kulikuwa na kitufe cha kufunga yote kwa mara moja, nikakibonyeza. Sikusoma hata jina moja.

Dada yangu alikaa na kile kimya nilichomwambia. Mwaka uliofuata nilipanda kwenda kumsaidia kupogoa kahawa, nikaona kila baada ya mistari miwili anakaa chini. Alisema anatokwa damu tangu Kwaresima.

"Mbona hukusema?"

"Hawakupiga. Na simu nilikuwa naichaji kila siku kwa jirani mwenye sola."

Hospitalini walituambia ugonjwa umeshasambaa. Nilirudi masjala nikamwita binti wa mfumo, akafungua historia ya kadi ya dada.

"Hajawahi kupigiwa, baba. Siku ile alikuwa ukurasa wa pili."

Wiki ileile aliondoa namba za kurasa akaweka utepe wake. Waliorukwa walipigiwa, baadhi yao wakawahi matibabu. Naambiwa sasa orodha inakuja haraka hata mwishoni kabisa. Sijaiona. Niliandika barua ya kuacha kazi.

Nilimchukua dada nikamlaza chumba cha mbele, nyumbani kwangu Engutoto. Siku moja mchana nilikaa kando ya kitanda nikamweleza yote: karatasi, saini, kitufe. Alisikiliza akitazama dari.

"Nilikuwa ukurasa gani?"

"Wa pili."

"Hata darasani nilikuwa wa pili," alisema. "Akapelekwa sekondari wa kumi na moja."

Wa kumi na moja nilikuwa mimi. Alicheka kidogo, kisha akaomba uji. Nilikwenda kuukoroga. Nakumbuka ulitoka na madonge, naye akaunywa hivyo hivyo.

Tulimzika kwenye migomba yake. Watu walinipa pole, nikaitikia kila pole. Muuguzi mkuu alikuja na kanga mbili, akakaa na kina mama, hakunitazama. Mimi sikulia, na mpaka leo sijalia. Naamka, nafagia uwanja, namwagilia sukuma wiki, nakaa.

Hakuna aliyenishtaki. Wakubwa walisema ni kosa la mfumo. Mfumo ulifanya kile nilichokisainia. Binti aliniambia mapema kitakachotokea, nami nikasaini ili ninywe chai yangu bila mabishano. Chai hiyo ilinigharimu uhai wa dada yangu.