Chura wa Hesabu

Nilipokuwa darasa la saba, shule yetu ya Matisi, Kitale, ililetewa na wafadhili kompyuta nne zenye gemu ya kufundisha hesabu. Chura amekaa ukingoni mwa mto. Swali la fraksheni linatokea, unabonyeza jani lenye jibu, naye anaruka. Ukikosea, anazama. Nilitamani kumrusha yule chura, hata mara moja tu, kuliko nilivyotamani viatu vipya.

Kikwazo kilikuwa mwalimu wetu wa hesabu, bwana wa kutoka Bungoma aliyejiona profesa tangu siku alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta.

"Msiguse, mtahalibu," alituambia siku ya kwanza, na muhula mzima hatukugusa. Alicheza yeye. Sisi arobaini tulisimama nyuma yake, mikono mgongoni, tukimtazama akizamisha chura. Robo jumlisha nusu, chura majini! Mimi nilikuwa na jibu kabla hajavuta kiti vizuri. Nikilinong'ona, anageuka kwa hasira: "Nani huyo ananichanganya?" Kisha alichora mto ubaoni, nasi tukanakili mto, majani na chura kwenye madaftari, akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku moja nilipata kosa kwa sababu chura wangu hakuwa na macho. Ati hayo ndiyo masomo ya kisasa.

Mwisho wa muhula akaja mama mmoja aliyetumwa na wafadhili kuona kama kompyuta zinatusaidia. Zisiposaidia, zingehamishwa. Akaomba mwanafunzi mmoja acheze. Mwalimu alijua vizuri sana nani anajua hesabu. Alinisukuma mbele.

Theluthi mbili toa nusu. Moja ya sita, nilijua. Lakini mkono wangu haukuwa umewahi kushika mausi ya kompyuta. Mshale ulikimbilia pembeni, nikainua mausi hewani nikidhani ndivyo unavyorudishwa, nikabonyeza ovyo. Chura akazama. Akazama mara tatu.

"Ni moja ya sita," nilisema, lakini mgeni alikuwa tayari anaandika.

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, mnafiki yule. "Watoto wa huku ni wazito, madam. Sisi tunajalibu tu."

Wiki iliyofuata alituita tubebe kompyuta mpaka kwenye pikapu, zipelekwe shule nyingine huko Bungoma. Nilibeba moja nikiwa nimeikumbatia kifuani, na safari hiyo hakusema kwamba nitaiharibu.