Sukari Nyuma ya Mgongo

Juzi, hospitalini Kasongo, nilisikia muuguzi akimuuliza mgonjwa wa sukari kabla ya sindano: "Chakula yako imefika?" Mgonjwa akaonyesha sufuria. Mimi nikatazama chini.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja hospitalini, Nyanya, mama yake mama, alikuwa ameshachomwa sindano ya ugonjwa wa sukari, na mama alikuwa bado anasonga bugali nyuma ya wodi. Moshi wa kuni uliingia dirishani. Nyanya akaanza kutetemeka, jasho likalowesha kitenge chake.

"Mujukuu wangu, unipe sukari kidogo."

Mama alikuwa ameniachia pakiti ya sukari ya chai. Lakini nyumbani wote walisema sukari ndiyo inayomuua, kwa hiyo niliificha mgongoni, nikijiona mlinzi hodari. Sikujua kwamba sindano bila chakula huimaliza sukari mwilini.

"Hapana, Nyanya. Utakufa."

Aliomba tena, ulimi mzito. Aliponyamaza, nilidhani amenitii.

Mama alipoingia alipiga kelele. Muuguzi akamtundikia seramu, maji ya sukari yakaingia kwenye mshipa. Nyanya alipofumbua macho, mama akamuuliza kwa nini hakuniomba sukari.

Nyanya alinitazama, mikono yangu ingali mgongoni.

"Nilisahau," akasema.