Magoti ya Fundi wa Terazo

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeniuliza jina wala darasa nililofikia. Ilikuwa mwaka ule bendera ilipobadilishwa, na tulisimama mstari mmoja ndani ya jengo jipya katikati ya mji, watu wa kila kabila, kila mmoja akisema yeye ni fundi. Mistri akapita mbele yetu. Mistri ni msimamizi wa mafundi, na huyu alikuwa Singasinga mrefu mwenye mguu wa kulia usiokunjika. Alitembea kama askari wa gwaride. Sisi sote tuliamini ni maringo.

Akasimama mbele yangu. "Wewe. Pandisha suruali."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akanionyesha magoti yangu kwa fimbo, nikapandisha.

"Hii goti ya mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kihindi. "Safi sana. Mwalimu, nakuja kufundisha nani hapa?"

Watu wakacheka. Mtu wa pili alipopandisha yake, magoti yalikuwa meusi na magumu kama soli ya kiatu, na Mistri akamwambia aingie ndani bila swali lingine. Ndivyo tulivyoandikwa kazi. Sugu ya goti ndiyo ilikuwa cheti. Mimi niliingia kwa huruma tu, nichote maji, na jina la Mwalimu likanishika mpaka nilipostaafu, mimi niliyeishia darasa la tatu.

Vijana wa siku hizi wanabandika vigae kwa siku mbili na kuita hiyo sakafu. Wacha niwaambie terazo ilikuwa nini. Unachanganya simiti na vipande vidogo vya marumaru, unamwaga, unasawazisha. Kabla ya kumwaga unapanga mikanda ya shaba, vipande vyembamba vinavyogawa sakafu viwanja viwanja, kwa sababu sakafu kubwa isiyogawanywa itajipasulia yenyewe mahali inapotaka. Ikikauka unasugua. Mashine inasugua katikati. Lakini kona, ukingo wa chini wa ukuta na ngazi zote ni jiwe la mkono, maji, na magoti. Unasugua mpaka uji wa simiti unatoka mweupe, unaosha, unabadilisha jiwe, unaanza tena. Chini ya goti unaweka gunia lililokunjwa. Mto hakuna aliyethubutu kuuleta, angeitwa bibi harusi mwaka mzima.

Ndani ya miaka michache nilikuwa na sugu kuliko wote. Nasema bila haya kwamba kwa ngazi hakukuwa na mkono kama wangu Nairobi. Nilifanya benki, nilifanya hoteli, nilifanya nyumba za wakubwa kule Lavington. Mshirika wangu alikuwa Njuguna, mtu wa Dagoretti, mdomo mrefu na mkono mzuri. Asubuhi nilitoka Kangemi kwa miguu mpaka mjini, jioni nikarudi kwa miguu. Na kila mmoja wetu alijua sheria ya kikosi bila kuambiwa: fundi wa terazo asiyeweza kupiga magoti anarudi kwao. Nilimwona Mistri akiwarudisha wawili. Hakuwatukana. Aliwaambia tu, "Bas, pumzika," na Jumatatu mahali pao palikuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo goti langu la kushoto lilipoanza, sikusema.

Kwanza lilikuwa linakataa asubuhi tu. Halafu likawa linavimba jioni. Kushuka mteremko wa kuelekea nyumbani nikawa natembea upande upande kama kaa. Mama Rebeka, mke wangu, alinikanda kwa maji ya chumvi na hakunyamaza. "Utasugua sakafu za watu mpaka uingie kaburini ukitambaa," alisema. "Mwambie huyo Singasinga wako."

"Nikimwambia tutarudi Vihiga kula nini?"

"Tutakula. Sisi ni watu wa kwanza kurudi Vihiga?"

Daktari nilimpata kazini. Alikuwa daktari wa mifupa, kijana wa hapa hapa Kiambu aliyesomea ng'ambo, na tulikuwa tunamtengenezea sakafu ya chumba cha wagonjwa wake pale Hurlingham. Alipita akaniona nikiinuka. Nilikuwa nimejifunza kuinuka kwa kushika ukuta kwanza, halafu kusukuma makalio juu, halafu kichwa.

"Bwana fundi, unaamka kama ngamia," akasema. "Kazi ikiisha uje upande ule mwingine wa mlango."

Nilikwenda. Na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: pandisha suruali.

Alinieleza vizuri, na mimi napenda mtu anayeeleza. Mifupa miwili inapokutana kwenye goti imevikwa gegedu, kile kitu cheupe unachotafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Langu lilikuwa limelika, na sasa mfupa ulikuwa unasaga mfupa.

Nikamwambia, "Kwa kazi yangu, jiwe likisaga jiwe linang'aa."

"Na hili linang'aa," akasema. "Tukifungua goti kama lako tunakuta mfupa unang'aa kama hii sakafu yako. Shida ni kwamba umo ndani ya mtu."

Akasema kuna njia tatu. Ya kwanza ni sindano ndani ya kiungo. Inatuliza uvimbe kwa miezi, haioteshi gegedu upya. Ya pili ni upasuaji wa kuunganisha mifupa, mguu unakuwa mmoja, haukunjiki tena. Ya tatu ni goti la chuma, ambalo wakati ule walikuwa wanalijaribu huko Ulaya. "Na hilo la chuma," akasema, "hata siku likifika hapa, si la kupigia magoti juu ya simiti. Tuanze na sindano. Kisu hakikimbii."

Sindano ya goti si kama ya mkono. Alisafisha kwa dawa ya rangi ya kahawia, akapitisha sindano nene kando ya kifuniko cha goti, akavuta maji kwanza, ya manjano kama mafuta ya kupikia. Sindano ikabaki pale pale ndani, akabadilisha bomba tu, akasukuma dawa, kotisoni ya kutuliza uvimbe na ganzi kidogo. Nilishika ubao wa kitanda nikatazama dari. Dari yake ilikuwa imepigwa plasta vibaya, nikamwambia.

"Siku mbili usilitumie," akasema. "Na kupiga magoti, wiki kadhaa usahau. Sindano inanyamazisha goti, haijaliponya. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Kesho yake nilikuwa nimepiga magoti kwenye benki, nikisugua kama kijana, sina maumivu hata kidogo. Kitu kisichouma, kwa akili yangu ya wakati ule, kilikuwa kimepona. Njuguna alinitazama akasema, "Mwalimu, umekula nini? Niambie na mimi nikale."

Sindano ya kwanza ilinibeba kutoka mvua ndefu mpaka Krismasi. Ya pili haikufika miezi miwili. Na hapo ndipo ilipokuja kazi ya ngazi.

Jengo lilikuwa la maofisi, mjini, na ngazi yake ilijizungusha kutoka chini mpaka juu kabisa, terazo nyeusi yenye chembe nyeupe. Mkandarasi, Mhindi mnene aliyesema maneno machache, alikuja kuitazama akiwa na Mistri, wakaniita. Mistri akasema, "Mimi mwaka huu naenda London kwa kijana yangu. Kampuni nataka mtu. Mwalimu akimaliza hii ngazi vizuri, yeye nakuwa mistri."

Mkandarasi akaniangalia juu mpaka chini. "Tutaona ngazi," akasema.

Hakuna Mwafrika aliyekuwa mistri katika kampuni ile. Nilianza juu, nikashuka nikisugua kipande kwa kipande, na kila nilivyoshuka goti lilijaa. Suruali ikabana. Nilipofika katikati, nilikuwa nasubiri wenzangu waende kula ndipo niinuke, wasinione. Kampuni ilikuwa imeahidi kukabidhi jengo, mkubwa fulani alikuwa anakuja kukata utepe, na mafungu mawili ya mwisho ya ngazi yalikuwa bado mabichi, hayajaguswa na jiwe.

Nikarudi Hurlingham kuomba sindano ya tatu. Daktari akaligusa goti, akakaa kwenye kiti chake.

"Ulipumzika mara ya kwanza?"

Nikatazama ile dari yake.

"Hata ya pili?"

Nikaanza kuteremsha suruali.

"Basi sikuchomi. Nikiizidisha hii dawa itakula gegedu lililobaki, na wewe utalisaga bila kusikia. Kwa mwendo huu mwaka ujao nitakuwa nakuunganisha mifupa. Chagua, ngazi au mguu."

"Daktari, ngazi ndiyo mguu wangu."

"Hapana," akasema. "Uko na mguu, na uko na ngazi. Ni vitu viwili."

Nilitoka nimekasirika sana. Nilimhadithia Njuguna, naye akasema kuna mtu Dagoretti Corner, nyuma ya maduka, aliwahi kuwa dresa, yaani mfunga vidonda, hospitali moja. "Huyo hakuulizi umepumzika au hujapumzika. Anachoma tu. Goti, mgongo, ng'ombe." Tukapanga Jumamosi mchana, baada ya kazi. Nilikuwa nimekata shauri. Nilihitaji wiki mbili tu za goti lililonyamaza. Baada ya hapo ningekuwa mistri, na yaliyobaki ningeyajua mbele.

Jumamosi ile nilisugua tangu asubuhi huku nimeuma kitambaa. Karibu na kufunga kazi nikasikia ule mguu wa gwaride unapanda ngazi, kishindo kimoja, kiburuto kimoja. Mistri akasimama vidato viwili chini yangu. Nyuma yake alikuwa Njuguna, anatazama chini, na nikajua nani amesema.

"Mwalimu," akasema Mistri. "Pandisha suruali."

Kikosi kizima kikaacha kusugua. Nilijaribu, suruali haikupita goti. Akatoa kisu chake cha kukatia gunia akapasua mshono mwenyewe. Goti lilikuwa papai. Nikangoja lile neno lake, bas, pumzika. Nilikuwa tayari nalifikiria basi la Kakamega na vyombo vya Mama Rebeka juu ya paa lake.

Akamgeukia Njuguna. "Nyinyi endeni kula."

"Saa bado, Mistri."

"Njuguna, leo ndio unajua saa?"

Wakashuka. Mistri akashika reli, akainama kwa shida, akapandisha suruali yake ya kulia. Miaka yote ile hakuna aliyeuona ule mguu. Goti halikuwapo. Palikuwa na kovu refu lililozama, na mfupa umenyooka kutoka juu mpaka chini kama mpini wa jembe.

"Nairobi hii hii," akasema. "Wewe bado kwenu. Mimi fundi ya ngazi kama wewe. Goti nauma, naona mtu na mfuko yake ya sindano, nachoma mimi. Wiki moja, raha. Halafu goti napata usaha. Hospitali nafungua, nasafisha, nafunga mifupa pamoja." Akateremsha suruali. "Nyinyi nasema Mistri iko maringo."

Nikasema, "Ndiyo, tunasema."

"Vizuri. Maringo ni bora kuliko huruma."

Nikamuuliza ngazi itamalizwa na nani. Akakasirika sasa, kwa mara ya kwanza.

"Mikono iko mingi. Njuguna iko na mkono, ila macho yake iko kwa chakula. Wewe simama hapo chini, tazama, sema. Mimi nafanya nini miaka yote? Nasimama."

Dagoretti Corner sikwenda. Jumatatu nikasimama. Nawaambieni, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Mikono ilikuwa inawasha. Njuguna alisugua kidato, mimi namwagia maji na kuangalia mwanga unavyolala juu yake, namwambia rudia, anarudia, ananitukana kwa Kikuyu akidhani sielewi. Mkandarasi akatokea mlangoni, akanikuta nimesimama na fimbo ya Mistri, sina hata tone la uji kwenye nguo.

"Huyu mbona hafanyi kazi?"

Mistri hakugeuka. "Fundi anayesimama anaitwa mistri," akasema. "Ngazi iko mbele yako. Tazama ngazi."

Mkandarasi akavua kiatu. Akapanda akipitisha wayo kwenye kila kidato, polepole, mpaka juu. Akashuka, akavaa kiatu, akaondoka bila neno. Hata kesho yake hakusema neno. Mistri aliposafiri, fimbo ilibaki kwangu, na hakuna aliyekuja kuichukua.

Nilimrudia daktari nikamwambia sasa nasimama. Alinichoma, na safari hii nililala siku mbili, Mama Rebeka akilinda mlango. Akanifundisha kukaa kwenye kiti na kunyanyua mguu ukiwa umefungwa mfuko wa mchanga, ili nyama ya paja ibebe kile ambacho goti haliwezi. Sindano tukazifanya chache, pale goti lilipojaa tu. Namna hiyo nilimaliza utumishi wangu wote kwa goti lile ambalo lilikuwa limehukumiwa. Kila niliyemwandika kazi nilimpandisha suruali, halafu nikampa mto. Waliocheka niliwaambia waje waone langu.

Baada ya kustaafu, sindano zikafika mahali zikawa maji tu. Goti la chuma lilikuwa limeshafika hapa, na daktari wangu naye alikuwa amestaafu. Akanipeleka kwa mwanafunzi wake, binti mdogo kuliko wanangu. Huyo binti akapandisha suruali yangu, akagonga ile sugu kwa ukucha.

"Mzee, hii ni nini? Uliungua?"

"Hicho ni cheti changu," nikamwambia. "Ukikata, pita kando."

"Siwezi, mzee. Lazima nipite katikati."

Nikafikiria. Nikamwambia basi apite katikati, ila mstari uwe umenyooka. Na kweli ulinyooka. Kanisani wenzangu wanapopiga magoti mimi hubaki nimesimama, fimbo mkononi, sugu ya goti nusu upande huu na nusu upande ule, na kovu katikati kama mkanda wa shaba. Mpaka leo haijapasuka.