Mizabibu ya Mama na Mvinyo wa Uswisi

Nilizaliwa Dodoma, katikati ya mizabibu, na habari za mizabibu nimefundishwa Parkdale, Toronto, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi baiskeli. Ndivyo dunia ilivyopangwa siku hizi. Ukitaka kukielewa kitu kilichokulea, unapanda ndege, unatafuta kazi kwenye kampuni ya bima, unakaa miaka kumi na minane, halafu unaketi darasani na daftari jipya.

Darasa lenyewe sikulitafuta. Ofisini kwetu Don Mills, mtu akitimiza miaka kumi ya kazi hupewa zawadi. Wenzangu walipewa saa za mkononi. Mimi niliwahi kuropoka kwenye chakula cha Krismasi kwamba marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa zabibu, basi wakaona wanifurahishe kweli: Jumamosi sita za kuonja mvinyo wa Valais, jimbo la Uswisi lililojibana katikati ya milima ya Alps. Bosi alinikabidhi bahasha mbele ya watu akasema nitajisikia nyumbani. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Sikumwambia kwamba lile shamba nililikimbia nikiwa na miaka kumi na tisa, vidole vikiwa na makovu ya mkasi wa kupogolea, nikiapa kwamba zabibu nitaziona tena zikiwa zimeoshwa na kuwekwa kwenye sahani.

Wakati huohuo shamba lenyewe lilikuwa linasubiri neno langu. Baba alipofariki alimwachia mama ekari tatu za mizabibu pembeni mwa mji. Mji ukapanuka, wizara zikahamia, barabara zikafuata, na mwishowe wapima ardhi wakafika na vigingi vyao hadi kwenye mstari wa mwisho wa mizabibu yetu. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo na hajawahi kuinama kuchuma hata kichala kimoja, akapendekeza mizabibu ing'olewe, pakatwe viwanja. Mama hakusema kitu mbele ya watu. Kwetu jambo la ardhi ya marehemu haliishi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume atamke, na huyo mtoto ni mimi. Ukoo mzima ukakaa kusubiri hekima za mtu anayeishi ghorofa ya kumi na moja na mmea mmoja, nao ni wa plastiki.

Niliwaambia nitajibu wikiendi. Wikiendi ikifika, naenda kuonja.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye skafu tatu, aliyewahi kuishi Valais miaka miwili na hajapona mpaka leo. Siku ya kwanza alituonyesha picha ya mteremko mkali kiasi kwamba mbuzi angeomba ushauri kabla ya kuupanda. "Hapa," akasema, mkono kifuani, "ndipo mzabibu unapoteseka." Akaeleza kwamba mzabibu usipoteseka hautoi mvinyo wa maana. Watu wakaandika: *unateseka*. Mimi sikuandika. Hilo somo nilikuwa nalo mgongoni.

Akaendelea. Valais ni kukavu, kwa sababu milima ya pande zote mbili inazuia mvua. Udongo ni mawe matupu. Kuna upepo unaoitwa foehn, unashuka kutoka mlimani ukiwa mkavu na wa moto, unazikausha zabibu zikiwa bado kwenye tawi, sukari inakolea. Maji ya kumwagilia huletwa na mifereji ya tangu enzi za mababu, iliyochongwa ubavuni mwa majabali, ikishusha maji ya barafu inayoyeyuka huko juu. Mashamba yamerithiwa na kugawanywa hata ndugu mmoja anabaki na mistari minne tu, na haiuzi.

Nikahesabu kimoyomoyo: ukame, mawe, upepo, mfereji, na ndugu wanaokodoleana macho juu ya mistari minne. Kwetu hiyo huitwa shida. Bwana shamba alikuwa anakuja na pikipiki kutugawia vipeperushi vya namna ya kuipunguza. Uswisi wanaiandika kwenye lebo kwa herufi za dhahabu.

Sitaki kuonekana mbishi. Mambo mengine yalinishangaza kwa haki. Tuliambiwa kwamba baridi kali ikitishia machipukizi wakati wa masika yao, wakulima wa huko huwasha mabomba na kuyamwagia machipukizi hayo maji usiku kucha, ili yafunikwe na barafu, ili yasiharibiwe na baridi. Nilirudia kumuuliza mara mbili. Ndiyo, akasema, barafu inalinda. Tena kwenye miteremko isiyopitika, mavuno huteremshwa kwa helikopta. Nikamkumbuka mama yangu na beseni lake kichwani, safari ishirini kwa siku, mara mbili kwa mwaka, maana kwetu mzabibu unavunwa mara mbili na hakuna anayetupigia makofi. Helikopta pekee iliyowahi kupita juu ya shamba letu ilimbeba mheshimiwa, na ilitupulizia vumbi kwenye nguo zilizoanikwa.

Halafu tukaonja. Kuonja maana yake unaweka mvinyo mdomoni, unausukasuka kama dawa ya meno, kisha unautema kwenye ndoo. Kwetu zabibu zikikamuliwa, ule mchuzi wa zabibu hakuna mwenye akili anayeutema; watoto tulikuwa tunalamba hata mfuniko wa pipa. Sasa nikawa natema kwa adabu pamoja na watu wazima kumi na wawili.

Jumamosi ya pili tulipewa mvinyo mweupe wa zabibu iitwayo Petite Arvine. Mwalimu akauliza tunanusa nini. Mmoja akasema balungi. Mwingine, mwenye kazi ya benki, akasema kumbukumbu ya chumvi. Zamu yangu ikafika, na kwa kuwa sikuwa na kumbukumbu za chumvi nikasema nilichonusa: mtungi. Ikabidi nieleze. Mama alikuwa na mtungi wa maji uliokaa kivulini nyuma ya jiko. Ukiinamisha uso kuchota na kata, kabla hujanywa, unapokewa na ile harufu ya udongo uliolowa. Mwalimu alifumba macho. Akaandika MTUNGI ubaoni, kwa herufi kubwa, na kuanzia siku hiyo hakuna chupa iliyofunguliwa bila wote kunigeukia. Mtaalamu, eti. Nami, bila aibu, nikaanza kuvaa koti la suti Jumamosi.

Sasa nifike kwenye lile nisilopenda kulifikia.

Baada ya Jumamosi ya tatu, siku ya Alhamisi, nilikuwa kwenye kikao ofisini kuhusu nyumba moja iliyovuja maji kwenye chumba cha chini. Simu ikatetemeka mara mbili. Ya kwanza ilikuwa sauti ya baba mdogo kwenye kundi la ukoo, dakika nne. Ya pili ilikuwa sauti ya mama, ameituma kwangu peke yangu, dakika saba. Lazima mjue sauti za mama. Dakika ya kwanza ni salamu, mtu mmoja mmoja. Ya pili ni kuku. Ya tatu na ya nne ni kanisa. Jambo lenyewe huja mwishoni, likiwa limechoka. Nikasema nitazisikiliza nikitulia. Ofisini kwetu, kitu usichotaka kukijibu unakiwekea kile kidole gumba cha njano. Maana yake nimeona, niacheni. Nikaweka kimoja kwa baba mdogo, kimoja kwa mama, nikarudi kwenye maji yaliyovuja.

Jioni mke wangu, ambaye ni muuguzi kutoka Nakuru na haogopi mtu, aliiona ile sauti kwenye simu yangu, akaniuliza jikoni, "Umesikiza ile ya mathe?"

"Nimejibu."

"Sikuuliza kama umejibu. Nimeuliza kama umesikiza."

Binti yetu, bila kuinua macho kwenye simu yake, akasema, "Mum, nobody listens to seven minutes." Nilimwona ana akili sana siku hiyo.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo maswali yakakoma. Hakuna aliyenipigia kunikumbusha. Kundi la ukoo nilikuwa nimelizima sauti siku nyingi, kwa sababu ya maombi ya asubuhi na picha za maua, na kwa mama sikupiga, maana ningepiga niseme nini wakati sina jibu? Nikasema kumbe watu wetu ni waungwana, wamenipa nafasi ya kufikiri.

Na nilifikiri kweli. Jumamosi ya tano mwalimu alifundisha kuhusu mizabibu mizee. Akasema mzabibu ukizeeka unazaa vichala vichache, lakini mizizi imekwenda chini sana, inafuata maji ambayo mizabibu michanga haiyajui, na mvinyo wake haufanani na wa jirani. Akasema hata huko Valais nyumba zinapanda mlima na kumeza mashamba, na kwamba ukishaung'oa mzabibu wa umri huo, hakuna aliye hai atakayeuona mwingine ukifika hapo. Nikainua mkono. Nikasema kwetu kuna mizabibu iliyopandwa kabla sijazaliwa, kwenye kokoto, kwenye upepo, na mvua za kuhesabu. Nani anaitunza, akauliza. Nikasema mama yangu. Ana umri gani? Nikasema sabini na nne. Darasa zima likashusha pumzi, na yule wa benki akasema ni utajiri usioweza kununuliwa.

Nilikasirika. Nilikasirika kwamba mtu wa benki ameona kwa dakika moja kitu nilichokikanyaga utoto wangu wote. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na hamu. Nililitaka lile shamba. Nasema waziwazi: mimi niliyelitoroka, nililitaka, na nilimtaka mama yangu asimame katikati yake na mkasi wake wenye mpini uliofungwa kitambaa. Nikiendesha gari kurudi nyumbani nikaamua. Jibu ni hapana. Usiguswe mzabibu hata mmoja.

Mtu mwenye akili angepiga simu palepale. Mimi nilikuwa na mpango bora zaidi. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mtihani, na nilitaka kutamka neno langu nikiwa na cheti mkononi, ili baba mdogo asije akasema najua nini kuhusu zabibu.

Nilifaulu. Nilitambua mivinyo mitano kati ya sita, nikapewa cheti chenye mlima wa theluji pembeni, na chupa ya mvinyo mwekundu kama mshindi. Ilikuwa saa tano asubuhi, barabarani theluji imegeuka tope. Nikaingia kwenye gari, nikaweka cheti kwenye usukani, nikampigia mama. Kule jua lilikuwa linazama. Nilimsikia akifungia kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Wajukuu? Mkwe wangu hajambo?"

"Hatujambo. Mama, nimeamua. Shamba lisiuzwe. Mwambie baba mdogo mimi nimesema hapana, na kama anataka sababu nitamweleza moja baada ya nyingine."

Nilisikia komeo la banda la kuku likiingia mahali pake.

"Trekta lilikuja Jumatano, baba."

"Trekta la nani? Nani karuhusu?"

"Si wewe?" Hakusema kwa ukali. "Baba yako mdogo alituita wote, akatuonyesha kwenye simu yake. Akasema mkubwa ameshaweka dole. Nasi tuliona. Hata marehemu baba yako pale ushirika alikuwa haandiki, anachovya dole kwenye wino, na hakuna aliyewahi kumuuliza mara ya pili."

"Mama, sikuisikiliza. Niliweka tu."

"Na yangu?"

Nilikitazama kile cheti. Kimeandikwa vizuri, kwa wino wa bluu.

"Maana hata kwenye yangu uliweka," akasema. "Nikafurahi siku ile, nikalala vizuri. Kesho yake nikaonyeshwa la kwake. Nikasema mwanangu ana mambo mengi, labda amefikiri upya. Basi, usijisumbue. Wameniachia kuni za kutosha mwaka mzima."

Akaniaga kwa baraka zote, kama kawaida yake. Nikakaa garini, fundi baiskeli akinitazama kupitia dirisha la duka lake, nikafungua ile sauti ya dakika saba. Alisalimia wote. Kuku watatu walikuwa wameatamia. Mchungaji mpya alikuwa anahubiri kwa kirefu. Dakika ya sita akashusha sauti, nikajua amesogea mbali na watu.

"Baba, mimi sitaki waing'oe. Lakini nikisema mimi, wataniambia namng'ang'ania marehemu. Sema wewe hapana, liwe neno lako, mimi sitaonekana. Najua kazi zako ni nyingi, usihangaike kupiga simu. Ukikubali kunisemea, niwekee tu alama hapa, nijue."

Nikatazama chini ya ujumbe. Alama ilikuwepo. Niliiweka dakika moja baada ya yeye kutuma.