Ramani Niliyomsomea Shangazi

Siku kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, shangazi yangu, dada yake baba, alifika kwetu saa nne asubuhi akiwa na gauni lake la kazi ndani ya mfuko wa rambo. Alikuwa amesimama kwenye mashine ile ile tangu kabla sijazaliwa. Alikaa kwenye mkeka, akavua viatu, akasema, "Basi."

Kiinua mgongo chake kilimpatia kipande cha mlima juu ya Buzuruga, alichouziwa na mzee mmoja aliyekuwa akilima mihogo katikati ya mawe. Akajenga vyumba viwili vya tofali za udongo, upande wa mashariki wa korongo, akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa Ulaya. Mume wake alikuwa amefariki, na mtoto hakujaliwa. Kila Jumamosi nilipanda kwenda kumsaidia kuchota maji, na watu wa kule walinijua kama mtoto wake.

Nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ilikuwa na ramani moja tu nzuri, imegundishwa kwenye kitambaa, nasi tulikuwa zaidi ya hamsini. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwa subira: kichwa cha ramani kinakuambia ni mahali gani, ufunguo unakuambia alama zina maana gani, kipimio kinakuambia umbali. Nilipenda somo lile. Nilijivunia kutazama vimstari vilivyosongamana na kusema, hapa ni mteremko mkali.

Siku ya kujifunza kuielekeza ramani, mwalimu aliwatoa wenzangu nje, kwenye mawe nyuma ya darasa. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, akaniachia chaki ninakili maelezo ubaoni. Niliwasikia wakicheka kule nje, wakiizungusha ramani mpaka ziwa la kwenye karatasi lilale upande wa ziwa lenyewe. Mimi niliandika, kwa Kiingereza safi kama tulivyotakiwa, kwamba kabla ya kusoma ramani yoyote tafuta kwanza kaskazini yake, kisha uigeuze ilingane na ardhi. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Kwenye jaribio nilipata swali lile lote.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, balozi wa mtaa wa shangazi aliletewa barua. Sehemu ya mlima ilikuwa imepimwa, na mfanyabiashara mmoja angejenga maghala. Waliokuwa ndani ya mstari mwekundu waende kuandikisha majina kabla ya mwisho wa mwezi, wapewe viwanja vingine kule njia ya Kisesa. Atakayechelewa asilaumu mtu. Pamoja na barua kulikuwa na nakala ya ramani, imefifia, na mstari umechorwa juu yake kwa kalamu.

Shangazi hakujua kusoma; aliiazima, akaniwekea mezani Jumamosi iliyofuata.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Wewe si ndiye unayesoma lamani shuleni?" Aliitamka hivyo, kama wengi wetu wenye Kisukuma kinywani. "Hebu niambie, mimi niko wapi humu?"

Ukingo wa chini wa karatasi ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini pamoja na barua. Sikuufungua. Nilidhani ni karatasi tupu. Nilinyoosha ramani kama nilivyozoea kuiona ukutani, juu kaskazini, chini kusini, nikatafuta korongo. Nililiona. Mstari mwekundu ulizungusha eneo lote la kushoto kwake.

"Korongo ni hili," nikasema. "Wamechukua upande wa magharibi. Wewe uko mashariki. Uko nje, shangazi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alinitazama kwa furaha ambayo mpaka leo inaniumiza. Akanitilia chai, akaenda nje kuwatangazia majirani. Jirani yake mmoja, mama aliyekuwa akiuza mkaa, alimwambia waende wote wakaandikishe, kwani jina kuandikwa si dhambi. Shangazi akacheka. "Niende kuomba kiwanja cha watu na changu ninacho? Mtoto ameshaisoma." Mama yule alikwenda peke yake. Shangazi alinunua mabati, akaezua nyasi, akaezeka.

Mwezi ulikwisha, ukapita mwingine. Kisha wapima ardhi wakaja na vigingi na kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama kwenye ukuta wa shangazi. Mtoto wa jirani alitumwa mbio kuniita. Nilipofika, watu walikuwa wamejaa uani, na shangazi amesimama mlangoni na mwiko wa mafuta mkononi.

"Mmekosea nyumba," alikuwa akiwaambia. "Ninyi wenyewe mmeandika upande wa pili wa korongo. Huyu hapa mtoto wangu, kasoma. Mwulizeni."

Mkubwa wa wapimaji, kijana mpole tu, alinipa ramani yake. Ilikuwa ile ile, ila haikukunjwa. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na mshale mdogo wenye herufi ya kaskazini, nao ulielekea chini. Waliichora kinyume, kusini juu na kaskazini chini. Niliigeuza mikononi mwangu. Kushoto kukawa kulia. Korongo likakaa mahali pake, mawe yakakaa mahali pake, na nyumba ya shangazi ikaingia katikati ya mstari mwekundu.

"Waambie," shangazi akasema.

Watu wote walikuwa wakinitazama.

"Shangazi, ni mimi. Ni mimi niliyekosea."

Hakuelewa mara moja. Aliendelea kuniangalia kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Kisha akaingia ndani, na sufuria ya mapanki ikaungulia pale jikoni mpaka mama wa mkaa akaja kuiepua.

Kijana yule alinieleza kwa sauti ya chini kwamba orodha ya viwanja ilikuwa imefungwa. Baba alikwenda ofisi ya ardhi mara tatu na kila mara alirudi mikono mitupu. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma kuliko fimbo. Nyumba ilibomolewa kwa nyundo, kwa kuwa mashine haikuweza kupanda mlima. Mabati yalibanduliwa yakiwa bado yanang'aa.

Shangazi alihamia kwetu, akalala chumba kimoja nami. Alininunulia kalamu za mtihani. Aliniombea kila usiku, nikimsikia. Neno la kunilaumu halikutoka kinywani mwake hata mara moja, nami nilikuwa nikilisubiri kama mtu anayesubiri mvua iliyokwisha kutanda.

Siku moja, miezi mingi baadaye, nilimwona akirudi kutoka nyumba ya tatu na bahasha ya kaki mkononi. Ilikuwa majibu ya ombi lake la mwisho la kiwanja. Alikuwa amempelekea mtoto wa nyumba ile, wa darasa la saba, amsomee.

"Wamesemaje?" nikamwuliza.

"Wamekataa."

"Kwa nini hukunipa mimi nikusomee?"

Aliikunja bahasha mara mbili, akaisukuma kifuani ndani ya kanga. "Sikukuona, mwanangu. Nilidhani umetoka."

Nilikuwapo. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa uani, mbele ya mlango, nikichambua mchele.